Ua la Makaburini na Jumatano ya Skolastika

Vijana wa maabara, mkuu wenu aliniomba niwaandikie kurasa chache za uzoefu, maana nimestaafu na kichwa bado kinafanya kazi. Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nashukuru, baridi ya Sumbawanga mnaijua. Saa nimempa jirani. Mkasema kwenye hotuba kwamba nimetumikia bila doa, na nyinyi mliokaa mbele mkapiga makofi. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo mke wangu aliidhani ni ya kustaafu. Haikuwa ya kustaafu. Vyeo sitavizungumza, na mishahara mnaijua ilivyokuwa. Nitawaeleza kazi, kisha nitawaeleza doa.

Nilianza kazi katika hospitali ile ya misheni ambayo sitaitaja jina, siku zile duka la ushirika lilipokuwa na chumvi na viberiti tu. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, meza ya mninga, na hadubini moja nzito yenye kioo chini cha kukusanya mwanga. Umeme ulikuja pale ulipojisikia. Aliyenipokea ni Mzee Leonsi, fundi wa maabara aliyekuwa na vidole vilivyogeuka zambarau kwa rangi ya slaidi, na hakuna sabuni iliyoviweza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa ndoo.

"Osha slaidi," alisema.

"Zote?"

"Kwani wewe ulikuja kuosha nusu?"

Niliosha slaidi wiki mbili. Wiki ya tatu akaniruhusu kuangalia. Siku hiyo wingu lilifunga tangu asubuhi, kioo hakikupata jua, na wodi ilikuwa inataka jibu la malaria. Nikaandika "hakuna vijidudu" kwa sababu mgonjwa alionekana mzima wakati anatembea. Mzee Leonsi alichukua karatasi, akaichana mbele ya mgonjwa, akamwambia arudi jua likitoka. Kisha akanitazama. "Kijana, jua likikosekana, pumzika. Usitunge."

Alikuwa na darasa la nane la mkoloni na alijua zaidi ya wengi walioniongoza baadaye. Alinifundisha seli kwa maneno ambayo sijayakuta kwenye kitabu. Seli ya mwili ina adabu, alisema. Inagawanyika inapotumwa, inafanya kazi yake, inachoka, inazeeka, inawapisha wengine. Ukijikata kidole, zinagawanyika kuziba kidonda, kikishafunga zinaacha. Saratani ni seli iliyokataa kuzeeka na ikakataa kuacha. Inagawanyika tu, mchana kutwa, haijui wala haijali imekaa kwenye taya la nani. Ndiyo maana tukiangalia slaidi ya uvimbe mbaya tunazitafuta zile zilizokamatwa katikati ya kugawanyika. Zikiwa nyingi, ujue mtu ana haraka ya kufa.

Mzee Leonsi alistaafu, nikarithi ufunguo, kioo na ndoo. Ndipo soko huria likafika Ufipa. Wengi wenu mlizaliwa humo, hamwezi kujua lilivyoingia. Ghafla kulikuwa na kila kitu na hakuna cha kukinunulia. Mitumba, redio, baiskeli za Kichina, na dawa. Dawa za serikali zilipungua hospitalini, na mgonjwa akaanza kuambiwa achangie. Maduka ya dawa baridi yakaota kama uyoga. Malori yaliyopita mpakani Kasesya yalishusha vidonge ambavyo sijui vilitengenezwa wapi, na pale Milanzi kulikuwa na bwana mmoja mwenye suti aliyeuza chupa ya maji ya kijani, ikisemwa inazuia uzee, inaondoa mikunjo usoni na inakinga saratani ya aina zote. Nilimwuliza imetengenezwa na nini. "Mimea asilia, mzee," aliniita mzee nikiwa na miaka thelathini na kitu. Nikamwambia bangi nayo ni mmea asilia. Wateja wake wakanizomea.

Mwaka mmoja katika kipindi hicho, Sista Redempta, aliyekuwa msimamizi wa wodi ya watoto, alirudi kutoka likizo na boksi moja dogo lililojaa barafu. Alilibeba mapajani njia nzima toka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, siku tatu. Ndani mlikuwa na vichupa vya vinkristini, dawa ya saratani. Marafiki zake wa ng'ambo walimchangia. Vilitosha watoto wachache tu. Kwa kuwa friji pekee lililofanya kazi, lile la mafuta ya taa, lilikuwa maabara, boksi likakaa kwangu, na orodha ya watoto wa boksi nikaishika mimi. Jina likiingia kwenye orodha, vichupa vya mtoto huyo vinafungwa na plasta yenye jina lake. Hakuna anayevigusa mpaka amalize sindano zake sita, moja kila Jumatano.

Dawa hiyo inatokana na ua mnalolijua wote. Ni lile la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano, linaloota bila kumwagiliwa na mbuzi hawalitaki. Huku kwetu tunalipanda makaburini, na wengi hawana jina jingine la kuliita zaidi ya ua la makaburini. Ndani ya majani yake mna kitu ambacho wataalamu wamekitoa, wakakisafisha, wakakipima. Seli inapotaka kugawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba za kuvutia urithi wake pande mbili, nusu huku, nusu kule. Dawa hii inazuia nyuzi zisisukwe. Seli imeshajiandaa, imeshafungasha, na kamba hakuna. Inakwama hapo hapo, kisha inakufa. Na kwa kuwa saratani ndiyo yenye pupa ya kugawanyika, ndiyo inayokwama zaidi. Nywele nazo hugawanyika haraka, ndiyo maana zinanyonyoka.

Kabla hamjakimbilia makaburini na sufuria, nawaambia kwa herufi kubwa kama ningekuwa nazo: ua hilo halichemshwi. Ukilichemsha hujui umekunywa kiasi gani, na kiasi ndicho kinachotofautisha dawa na sumu. Wala halizuii uzee, wala halimkingi mzima na saratani, aambiwe hivyo bwana wa Milanzi kama bado anaishi. Dawa yenyewe iliyotengenezwa kiwandani inaingia kwenye mshipa tu, kwa mkono wa anayejua, na ikikosea mahali inaua.

Skolastika aliletwa na bibi yake kutoka Msanzi. Alikuwa na miaka saba. Taya la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho limeanza kufunga, na meno yalikuwa yakicheza kinywani kama yanataka kutoka yenyewe. Bibi yake, Bibi Paskalia, alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa medali ya Bikira Maria shingoni na koti kubwa la mtumba lililofika magotini. Mama wa mtoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baba alikuwa amekwenda kutafuta maisha kule bondeni, chini ya Ufipa, na hakurudi.

"Ilianza lini, bibi?" nilimwuliza.

"Tulipoanza kupalilia ilikuwa kama punje. Sasa hata hatujamaliza kupalilia, ndiyo hii."

Hiyo ilikuwa sentensi nzuri kuliko fomu zetu zote za rufaa. Uvimbe wa taya unaotoka punje hadi ngumi kabla shamba halijapaliliwa, hakuna saratani nyingine inayokimbia namna hiyo kwa watoto. Daktari alichoma sindano nyembamba, akanipa matone kwenye slaidi, nikayapaka rangi, nikageuza kioo kwenye jua. Zilikuwa zimejaa, zimebanana, na kila nilipotazama niliona zilizokuwa katikati ya kugawanyika. Lakini saratani hiyo yenye haraka ndiyo pia inayokufa haraka ikipata dawa kwa wakati na bila kukatisha. Tulimweleza Bibi Paskalia yote mawili. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, na sasa najua alielewa vizuri kuliko mimi. Niliandika jina kwenye orodha na kufunga vichupa sita kwa plasta.

Jumatano ya kwanza alichomwa. Kesho yake nilimwomba daktari anichukulie tone jingine. Vijana, nimeangalia slaidi maisha yangu yote, na hiyo ndiyo ninayoiona hadi leo nikifumba macho. Seli zilikuwa zimekwama. Zilikuwa zimefungasha mizigo, urithi umekusanyika katikati kifungu kimoja, na hakuna kinachovuta. Safu kwa safu. Nilitoka nje nikaita watu. Nilimwita Sista, nikamwita mpishi, nikamwita hata dereva wa Landrova, kila mtu akaweka jicho, na dereva akasema haoni kitu ila anafurahi kwa kuwa nimefurahi. Jumatano ya pili ilipofika taya lilikuwa limenywea, jicho limefunguka, na Skolastika anatafuna muhogo wa kuchoma kwa upande ule ule. Akaniita mjomba wa kioo. Alikuwa anakuja kuomba achungulie, na nikamfundisha kugeuza kioo kulifuata jua. Alikuwa mwepesi kuliko baadhi yenu.

Kiburi kikanipanda hapo. Mchana wa Jumatano hiyo ya pili, baada ya mtoto kuchomwa sindano, Bibi Paskalia alinikuta barazani, akaniuliza kwa heshima dawa hii ya ajabu inatoka nchi gani. Ningeweza kusema ng'ambo, yakaisha. Nilitaka kumshangaza. Nilimshika mkono nikampeleka hadi ukutani mwa wodi, palipoota ua lile la waridi.

"Inatoka humu, bibi."

Aliliangalia. "Humu? Hili la makaburini?"

"Hili hili. Wazungu wamelikamua tu."

Akainama akaligusa. "Mama yake tumempandia hili. Skola mwenyewe ndiye aliyelipanda, kwa mikono yake." Kisha akaniuliza, sauti chini, "Na mwenye nalo ameambiwa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza: mwenye nalo ni nani, na anaambiwaje? Maswali mawili tu. Badala yake nilicheka. Barazani palikuwa na watu, nikawageukia nikawafanya wasikilizaji wangu. "Bibi, acheni ushamba. Mnataka mtoto apone au mnataka kupiga soga na mizimu?" Watu wakacheka. Bibi Paskalia hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Sawa, baba," akavuta koti lake, akarudi wodini.

Niwaambie kitu kuhusu hiyo "sawa" ya wazee wa Kifipa, maana mtaikuta kila siku na mtaitafsiri vibaya. Haina maana kwamba amekubali. Ina maana kwamba ameona huna la kumsaidia, kwa hiyo atalishughulikia mwenyewe. Mimi ni Mfipa, nimelelewa na bibi wa namna hiyo, nilijua kabisa, na bado nikaipita.

Alhamisi asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa. Bakuli la wodi limeoshwa na kufunikwa juu ya kabati. Mtu anayetoroka haoshi bakuli, lakini mimi niliona bakuli safi nikaona utoro. Ijumaa tulikuwa na kikao, na mganga mfawidhi akauliza mtoto wa Msanzi yuko wapi. Muuguzi mmoja alisema labda wamekwenda nyumbani mara moja, watarudi. Nikamkatiza.

"Wametoroka. Yule bibi ana mambo ya mizimu. Nilizungumza naye mwenyewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hasira kwamba bibi wa shamba ameikataa sayansi yangu mbele za watu. Kikao kilipoisha nilifungua orodha, mbele ya jina la Skolastika nikaandika kwa kalamu ya wino: ametoroka, sababu imani potofu. Mwandiko wangu mnaufahamu, ni mzuri.

Jumamosi asubuhi akaja mfanyabiashara mmoja wa mjini, mmoja wa wale ambao soko huria liliwaamsha wakiwa na malori matatu. Kaka yake alikuwa mgonjwa, uvimbe wa shingo, alikuwa anapelekwa Dar es Salaam kwa gari lake na daktari wake amemwambia atafute dawa hiyo popote. Sista Redempta alikuwa amekwenda vijijini na kliniki ya mkoba, angekuwepo asingekubali. Mganga mfawidhi akanijia maabara.

"Kuna dozi isiyo na mwenyewe?"

Siku hizo ndiyo lilikuwa swali la nchi nzima. Kiwanda kisicho na mwenyewe, shamba lisilo na mwenyewe, ng'ombe wa ushirika wasio na mwenyewe. Nikafungua friji, nikaangalia orodha yangu mwenyewe, na orodha ikanijibu kwa mwandiko wangu. "Zipo nne, za yule mtoro." Nikabandua plasta yenye jina la mtoto. Nikafunga barafu vizuri, kitaalamu, nikamkabidhi. Simlaumu mgonjwa yule, naye alitaka kuishi kama mtu yeyote. Hata mfanyabiashara simlaumu sana, alikuwa ndugu anayemhangaikia ndugu. Aliyetakiwa kusema "hizi zina mwenyewe" alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anafunga barafu.

Msanzi si mbali. Ukitoka mjini asubuhi kwa baiskeli unafika kabla jua halijawa kali, na baiskeli nilikuwa nayo, mpya, ya Kichina. Ijumaa ningeweza kwenda. Jumamosi kabla ya kufungua friji ningeweza kwenda. Jumapili nilikwenda kilabuni kunywa kimpumu, nikawasimulia wenzangu habari ya bibi na mizimu, nikapata vicheko na kibuyu cha bure.

Jumatano, kabla kengele ya hospitali haijagongwa, nilipofika kufungua maabara niliwakuta mlangoni. Bibi Paskalia amekaa kwenye ngazi, Skolastika amesimama, amejifunga kitambaa kichwani kwa sababu nywele zimeanza kutoka. Taya lake lilikuwa sawa kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Tumerudi. Leo si Jumatano?"

Nikachezea ufunguo mkononi. Akadhani sijaelewa, akanieleza kwa upole, kama anamweleza mtu aliyekulia mbali. Kwao, alisema, kitu kilichopandwa kaburini hakitumiwi kimya kimya. Ni mali ya aliyelala pale. Ukikitumia bila kumwambia, umemwibia, na dawa ya wizi haina baraka. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri walidandia lori la mahindi. Walimwita katekista, wakawasha mshumaa, wakasali rozari kaburini, kisha yeye akaongea na mama wa mtoto kwa Kifipa.

"Nilimwambia, mwanangu, ua lako linamponya mtoto wako huko Sumbawanga. Usishtuke ukisikia. Tunaomba utupe kwa moyo. Tukakaa, tukaona mtoto analala vizuri, anakula vizuri. Ametupa. Sasa hata mkimchoma mara mia sina wasiwasi." Akatabasamu. "Nilimwambia yule mama anayefagia wodi kwamba Jumatano tupo. Hakuwaambia?"

Alikuwa amemwambia. Baadaye nilimwuliza mfagizi, akasema ndiyo, aliambiwa, lakini hakuna aliyemwuliza. Kwenye kikao chetu hakukuwa na kiti cha mfagizi.

Niliingia ndani, nikafungua friji, ingawa nilijua. Vilikuwepo vichupa vya mtoto mwingine wa Laela, vyenye plasta na jina lake. Mkono ulivifikia. Sikuvichukua, na hilo ndilo jambo pekee la wiki ile nisilolionea aibu. Nikatoka.

"Bibi," nikasema, "dawa imekwisha."

Vijana, someni tena hiyo sentensi. Dawa haikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeigawa, kwa sababu ya neno nililoliandika bila kuuliza. Lakini nilisema imekwisha, kama ambavyo wote tunasema, dawa imekwisha, umeme umekwisha, mafuta yamekwisha, utadhani vitu hivyo vina miguu. Akaniamini. Kila kitu kilikuwa kinakwisha siku zile, kwa nini asiniamini?

Tulihangaika. Sista aliporudi alikaa siku nne kwenye redio ya misheni akiita Mbeya, akiita Dar es Salaam. Serikalini hakuna. Kwenye maduka hakuna, mashelfu yamejaa vitamini. Mfanyabiashara alipiga simu kwamba kaka yake ameshachomwa viwili na vingine vilipata joto njiani, wamevitupa. Tuliwaandikia marafiki wa Sista, na boksi jingine lilikuja, lilikuja kweli, likafika wakati mahindi yameshavunwa. Wiki ya tatu taya la Skolastika lilianza kuvimba tena. Nikachukua slaidi kwa kuwa ni kazi yangu. Zilikuwa zimejaa, zinagawanyika kwa raha zao. Akaja na kuomba achungulie, nikamwambia jua halijatoka, na jua lilikuwa limetoka. Alifia Msanzi, kitandani kwa bibi yake.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hasira yangu iko hapa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya semina. Kila mradi ulikuja na semina yake, na kwenye kila semina walitaka mfano wa jamii inayokataa tiba. Mimi nilikuwa na mfano. Nilisimama mbele za watu, katika mahoteli, nikasimulia bibi aliyemwondoa mjukuu wodini kwa sababu ya ua la makaburini. Nilikuwa msimuliaji mzuri. Watu walitikisa vichwa, wataalamu wakaandika kwenye madaftari yao: imani potofu. Nilisimulia kuondoka kwao Alhamisi. Jumatano sikuisimulia hata mara moja. Nilimaliza pale kitanda kilipobaki kitupu, wakanipigia makofi, na nadhani huko mikoani kuna wauguzi wanaoufundisha mfano huo hadi leo. Ndiyo makofi mliyonipigia nanyi.

Mwanamke yule hakuikataa dawa. Aliiheshimu kuliko sisi. Sisi tuliihesabu kama mali ya stoo, yeye aliiombea ruhusa. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki wa kumtazama, akajua ana Jumatano hadi Jumatano, akaitumia nafasi hiyo vizuri, akarudi kwa wakati. Aliyekuwa na imani potofu alikuwa yule aliyeamini kwamba mtu akikaa kimya mbele yake ni mjinga.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi, na mnaweza kuubandika au kuutupa. Mgonjwa akiondoka, andikeni ameondoka, sijui kwa nini. Neno "ametoroka" nimelipiga marufuku kinywani mwangu. Kisha mwulizeni mfagizi, mwulizeni mpishi, mwulizeni jirani wa kitanda. Kisha pandeni baiskeli. Na kichupa chenye jina la mtu hakibanduliwi plasta kabla mwenye jina au mlezi wake hajatamka kwa mdomo wake kwamba harudi.

Limebaki jambo moja ambalo nimelikwepa tangu mwanzo wa kurasa hizi. Siku ya mazishi nilikwenda Msanzi. Safari hiyo baiskeli ilipatikana na muda ulipatikana. Walimzika kando ya mama yake. Baada ya kaburi kufukiwa, Bibi Paskalia alisimama mbele ya watu wote, akanionyesha, akasema: "Huyu ndiye mjomba wa hospitali. Alituambia ukweli wa dawa inakotoka, wengine wasingetuambia. Dawa ilikwisha, hakuwa na la kufanya. Mungu ambariki." Kisha akaingia ndani akatoka na kikapu cha ulezi, akanipa mbele ya katekista na mbele ya majirani wote, kwa ajili ya watoto wangu.

Ulikuwa wakati wa kusema. Watu walikuwa wananingoja niseme neno. Nilipiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, nikasema asante bibi, nikakipokea kwa mikono miwili. Nikakifunga nyuma ya baiskeli, na nyumbani tulikunywa uji wa ule ulezi hadi ukaisha.